Sauti ya Maskati, Kisogo cha Kiongoroni

"Mumeo nimemsalimu asubuhi, hakuitikia," Bi Mwajabu alisema, akiweka kitambulisho chake juu ya meza ya kioo kitolewe kopi. "Amepata nini huko alikokwenda, hata salamu za watu wazima zimemshinda?"

Salima alicheka. Alikuwa nyuma ya kompyuta katika duka la steshenari la mzee Tayabali, pale Kibiti, hatua chache kutoka barabara ya lami iendayo Lindi. Kazi yake ilikuwa kutoa kopi, kuchapa barua za watu, na kukata tiketi za ndege kwa waendao Umra na waendao kutafuta maisha Uarabuni.

"Umemfananisha, Bi Mwajabu. Yassin yuko Maskati kwa kazi ya udereva, huu mwaka wa pili."

"Mtoto niliyembeba mgongoni, nimfananishe?"

Bi Mwajabu alikuwa mchuuzi wa kamba wakavu kutoka Kiongoroni, kijiji cha delta kinachokaribia bahari, na ndiko alikozaliwa Yassin. Alivuta kiti akakaa, akaeleza bila haraka. Alfajiri walitoka na boti. Walipofika mlango wa mto maji yalikuwa machache, nahodha akazima mashine wakawa wanasukuma kwa upondo. Jua lilikuwa limeshatoka. Pembezoni mwa mikoko, kwenye tope, alisimama mtu amewapa kisogo. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka, kama lilivyoshuka bega la Yassin tangu ujana wake wa kubeba boriti. Bi Mwajabu akamwita kwa jina na jina la baba yake. Yule mtu hakugeuka. Alikuwa akizungumza peke yake, ametazama baharini.

Salima aliacha kucheka, kwa adabu tu. Akamweleza kama alivyozoea kuwaeleza wateja: kutoka Dar es Salaam hadi Maskati ni kilomita zinazokaribia elfu nne, na ndege ya moja kwa moja hukaa hewani kama saa tano na nusu. Ukishatua una saa tatu za basi mpaka Bungu, una barabara ya vumbi mpaka Nyamisati, kisha boti, na boti nayo husubiri maji. Mtu akimbie atakavyokimbia, hiyo ni siku nzima. Na Yassin jana jioni walizungumza, tena leo asubuhi amemtumia sauti kama kawaida yake.

"Hii hapa," akasema, akatoa simu.

Namba ilikuwa ileile ya Oman, picha ileile ya Yassin amevaa kanzu ya kijivu. Ujumbe uliingia saa moja na robo asubuhi. Salima akabonyeza, sauti ya mumewe ikajaa dukani:

"Asalaam aleikum mke wangu. Nimeamka salama. Usisahau kula kabla ya kunywa chai ya rangi, tumbo lako nalijua mwenyewe."

Bi Mwajabu alisimama. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Rudia."

Salima akarudia.

"Hayo maneno nimeyasikia," Bi Mwajabu alisema kwa sauti ndogo. "Ya chai ya rangi. Mashine ilikuwa imezimwa, boti nzima tumeyasikia. Ndiyo aliyokuwa akisema yule kwenye tope."

Mashine ya kopi iliendelea kuunguruma, ikatema karatasi yake.

"Basi niliyemwona si mtu," Bi Mwajabu akasema, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Kopi yake hakuichukua.

Maneno ya delta hupanda na maji. Wiki mbili hazikuisha, yakawa yamefika Nyamisati, yakafika Bungu, yakafika mpaka Chumbi kwenye mashamba ya mpunga. Watu wengine watatu walimwona. Msichana aliyekwenda kuokota kuni alimkuta saa sita mchana, maji yamekupwa, amesimama katikati ya tope jeusi. Na kutoka ukingoni hadi pale aliposimama hapakuwa na alama ya unyayo hata moja. Mzee mmoja wa kutega kaa alimpita kwa mbali akamsikia akicheka pole pole, kama mtu anayechekeshwa na mpenzi wake. Mkata mikoko mmoja aliona mgongo ukizama kati ya majani, akaliacha shoka lake hapo hapo. Na kila aliyemwona alimwona kisogo. Uso, hakuna aliyeuona.

Wengine walisema Yassin amekufa zamani huko Uarabuni na kivuli chake kimerudi kwao. Wengine walisema yu hai, ila kuna kitu kimemchukua sauti.

Salima alianza kulala na taa imewashwa. Akifumba macho anaona tope. Alikumbuka kwamba tangu mwezi wa nane hajauona uso wa mumewe. Zamani walikuwa wakionana kwa video kila Ijumaa. Kisha Yassin akasema kamera ya simu imekufa, kisha akasema tajiri amekataza, kisha Salima akaacha kuuliza. Matumizi nayo yalikuwa yamepungua, naye alisema kazi si kama mwanzo. Sasa akaomba tena.

"Nioneshe uso wako, hata dakika moja," alimwandikia.

Jibu lilichelewa. "Subira mke wangu. Utaniona siku nikirudi."

Alikwenda kwa Mwalimu Mustapha, mzee aliyemfundisha Kurani utotoni. Akamwekea sauti zote, za wiki nzima. Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa, akauliza kama katika sauti hizo kuna hata moja ambamo Yassin anataja jina la Mungu. Salima akasema zipo, anatoa salamu kila asubuhi. Hilo lilimtatiza Mwalimu. Mwisho akamwambia, "Mwanangu, mimi sijui ni nini. Lakini mpaka tujue, kinachokuja kwenye simu usikiitikie. Ukikiitikia unakipa njia."

Salima akaacha kuitikia.

Siku ya kwanza sauti ilisema, "Mke wangu, kimya chako kinaniumiza. Nimekukosea nini?"

Siku ya pili ikasema, "Salima, kama umechoka kunisubiri niambie. Nitaelewa. Sitakulaumu."

Alilia dukani, amegeukia rafu za madaftari ili wateja wasione. Alikuwa na miaka saba katika ndoa hiyo. Hawakujaliwa mtoto, na watu walikuwa wameshamshauri Yassin aoe mwingine, naye akasema hadharani mbele ya wajomba zake kwamba yeye hana shida ya mtoto, ana shida ya Salima. Mtu wa namna hiyo unamnyamaziaje? Lakini kama si yeye, basi anayelia kwenye simu ni nani?

Siku ya tatu sauti haikusema kitu. Ulikuwa ujumbe wa sekunde arobaini, pumzi tu na upepo. Salima alivaa visikilizio vya masikioni akausikiliza mara nne. Chini ya upepo palikuwa na kitu kingine, mlio mdogo mdogo, kama mafuta yanayochemka kwa mbali. Aliujua mlio huo. Alikwenda Kiongoroni akiwa bibi harusi akakaa mwezi mzima, na kila maji yalipokupwa tope lilikuwa likilia hivyo, vishimo vya kaa vikipasuka kwa maelfu.

Akavivua visikilizio, akampa Fiza. Fiza alikuwa binti wa mzee Tayabali, ndiye aliyemfundisha Salima kazi ya tiketi, na katika mambo haya yote ndiye pekee ambaye hakuwa amesema neno la majini.

Fiza alisikiliza mpaka mwisho. "Dada Salima, nikuulize. Jini analipia bando wapi?"

"Usinitanie, Fiza."

"Sikutanii. Maskati wametutangulia saa moja, wewe mwenyewe huwaambia wateja kila siku. Mpigie sasa hivi, muulize saa. Usimpe nafasi ya kufikiri."

Salima aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini mchana. Akapiga. Simu iliita mara moja tu ikapokewa, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi siku tatu.

"Salima?"

"Yassin, simu yangu imejichanganya majira. Saa ngapi huko?"

"Saa sita na arobaini," akajibu papo hapo. "Salima, mke wangu, ulikuwa wapi? Nilidhani..."

Salima akakata.

Fiza alikuwa ameandika kwenye karatasi: *Maskati, saa saba na dakika arobaini*. Akaisukuma karatasi ile mbele yake.

Mtu angedhani Salima angepumua. Mumewe si maiti, si jini, ni mtu mwenye saa ya Tanzania mkononi. Lakini aliketi pale, na hofu iliyomwingia ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza. Mtu aliye hai akijificha, anamficha nani mwingine? Nyumba gani, mwanamke gani? Kwa mara ya kwanza alitamani liwe jini.

Ilimchukua jioni nzima kumshawishi Bi Mwajabu ampeleke. Bi Mwajabu alisema yeye ni mtu mzima, hana haja ya kufuata alichokwisha kukikimbia. Mwisho alikubali kwa sharti kwamba hatashuka botini, na kwamba Salima asome Ayatul Kursi njia nzima. Fiza alimwombea Salima ruhusa kwa baba yake.

Wakatoka Nyamisati asubuhi, wao wawili na nahodha Mudy, mkwe wa Bi Mwajabu. Mto ulikuwa mpana kwanza, kisha ukagawanyika, kisha vijito vikaanza kufanana hata Salima akashindwa kujua walikotoka. Mikoko ilisimama pande zote juu ya mizizi yake, kama watu waliokunja nguo wavuke. Hapakuwa na ndege wanaolia. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo kimya kilivyozidi, na katika mwanga ule mweupe wa mchana kila shina lilikuwa na kivuli kifupi, na kila kivuli kilikuwa kama mtu.

Karibu na saa sita Mudy alizima mashine. Maji yalikuwa yanakupwa.

"Ni hapa," Bi Mwajabu alinong'ona. "Ukingo ule."

Hapakuwa na mtu. Salima aliitazama simu yake. Njia nzima mtandao ulikuwa umekatika, hapo vikajitokeza vijiti viwili. Akasogeza simu mdomoni, akarekodi.

"Yassin, mume wangu. Uko wapi?"

Akaituma. Boti ilielea bila sauti. Bi Mwajabu alikuwa akisoma dua midomo inacheza.

Kisha kutoka ndani ya mikoko, si mbali, Salima akaisikia sauti yake mwenyewe.

*Yassin, mume wangu. Uko wapi?*

Mudy alishika upondo kwa mikono miwili. Sauti ikarudiwa, mara ya pili, mara ya tatu, maneno yaleyale, kama mtu asiyeshiba kuyasikia. Halafu sauti ya mwanamume ikaanza kuzungumza huko huko majanini, pole pole, na dakika haikupita simu ya Salima ikatetemeka mkononi. Akabonyeza. Yale aliyoyasikia kutoka kwenye miti, akayasikia tena kutoka kwenye kiganja chake:

"Niko kazini mke wangu. Maskati leo jua kali sana."

Salima alishuka. Bi Mwajabu alimdaka kanga, kanga ikabaki mikononi mwake. Tope lilimfika Salima kwenye ugoko, akaenda nalo, akiivuta miguu mmoja mmoja, akapenya kati ya mizizi mpaka akatokea ukingo wa pili, unaotazama bahari.

Alikuwa amesimama pale. Shati jeusi lililochakaa, kitambaa kimezungushwa kichwani. Kisogo. Bega la kushoto limeshuka.

"Yassin."

Mgongo ule ulishtuka. "Usisogee," alisema.

"Geuka."

"Salima, nakuomba kwa Mungu, rudi."

"Geuka, Yassin."

Halafu akakishika kile kitambaa, akakifungua, akageuka.

Upande wa kulia ulikuwa Yassin. Upande wa kushoto moto ulikuwa umepita. Ngozi ilijikunja na kung'aa, kuanzia shingoni hadi juu ya paji. Sikio halikuwepo, na jicho lilikuwa limevutwa chini likibaki wazi hata alipopepesa lile jingine. Salima alimtazama, na mguu wake, bila yeye kuuambia, ukarudi nyuma hatua moja.

"Umeona," Yassin alisema taratibu. "Hatua hiyo ndiyo niliyokuwa naikimbia."

"Nimerudi nyuma hatua moja," Salima akamjibu. "Wewe umerudi nyuma miezi minane. Nani kamkimbia mwenziwe?"

Ndipo Yassin akaeleza, akitazama maji. Mtungi wa gesi ulilipuka jikoni kwenye kambi ya madereva. Walikuwa watatu mle ndani, mmoja hakutoka. Alilazwa wiki nyingi, na hata kitandani alikuwa akimtumia sauti, anangoja wauguzi watoke kwanza. Alipoweza kutembea waajiri wakamkatia tiketi ya kurudi.

"Ndege ilikuwa imejaa," alisema, "ila mtu wa kiti cha pembeni yangu alihama. Saa tano na nusu nilikuwa najifunza neno la kukwambia. Sikulipata. Kilomita elfu nne zile nilizimaliza, Salima. Nikapanda basi, nikashuka Bungu njia panda. Kutoka pale hadi kwa mama ni mwendo wa dakika kumi. Mwanamke mmoja muuza mihogo akaniona, akamfunika mtoto wake uso kwa kanga. Dakika kumi hizo zikanishinda. Nikapanda gari la Nyamisati, usiku huo nikawa kwa Nasibu, rafiki yangu. Ndiye aliyenificha, nakata naye mikoko. Hapa ndipo penye mtandao, ukisimama unatazama bahari."

"Ungekaa hivi mpaka lini?"

"Mpaka unisahau."

"Kwa kunitumia sauti kila asubuhi?"

Jicho lake zima lilijaa machozi. Lile jingine lilikuwa likitoka machozi tangu mwanzo, lenyewe kwa lenyewe.

Salima alivuta mguu kutoka kwenye tope akausogeza mbele. Akavuta na wa pili. Aliinua mkono akauweka penye shingo, pale ngozi ya moto ilipokutana na ngozi ya zamani, akauacha hapo. Yassin alikuwa akitetemeka kama mtu mwenye homa.

"Salima," Bi Mwajabu aliita kutoka ng'ambo ya miti. "Ni mtu?"

"Ni mtu," Salima akajibu. "Ana joto."

Kisha akamwambia mumewe, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, kwamba hajamsamehe. Ana maneno mengi, ya miezi minane, na atayasema yote, lakini atayasema wakiwa chini ya dari, si juu ya tope la kaa. Yassin akasema watu watamcheka yeye Salima, watasema mumewe zimwi. Salima akasema walishasema, tena wameshasema mabaya zaidi, na yeye bado anakula na kulala. Mudy alipiga mluzi: maji yalikuwa yanakimbia, wakichelewa boti ingekaa chini.

Yassin akatembea nyuma yake mpaka botini.

Njiani kila kitu kilipata maelezo yake. Unyayo haukuwepo kwa sababu Nasibu alikuwa akimshusha na mtumbwi wakati maji yamejaa, na kumrudia yakijaa tena. Kicheko alichosikia mzee wa kaa kilikuwa cha siku Salima alipomtumia kisa cha mteja aliyetaka tiketi ya ndege ya kutoka Kibiti. Bi Mwajabu alianza kwa kukaa mbali, kule mbele ya boti, akimtazama kwa pembe ya jicho. Walipofika nusu ya njia alikuwa amesogea, na kabla ya Nyamisati alikuwa akimgombeza kwa kutoitikia salamu, akisema moto umeunguza uso, adabu nani kaiunguza. Yassin alicheka. Salima akageuka upande wa maji, maana kicheko kilikuwa kilekile.

Walilala Nyamisati kwa ndugu wa Bi Mwajabu, na asubuhi wakapanda gari la kwenda Bungu.

Hakuna aliyekuwa amempigia simu Bi Habiba, mama yake Yassin. Salima aliogopa kumwambia kwa simu kitu kama hicho. Mama yule alihamia Bungu baada ya kufiwa na mumewe, akaishi peke yake na mashamba yake mawili, na tangu uvumi uanze hakuwa amemuuliza Salima swali hata moja.

Walimkuta kwenye jamvi barazani, anapepeta mchele. Yassin alisimama uani, kitambaa kimemzunguka uso, akashindwa kupiga hodi. Salima alifungua mdomo apige yeye.

"Leo umekuja na mkeo," Bi Habiba alisema.

Hakuwa ameinua macho. Ungo uliendelea kwenda, juu na chini.

Salima alidhani hakusikia vizuri. Yassin alisogea hatua moja. "Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Najua ni wewe. Jumatano zote huja peke yako."

"Mama," Yassin alisema polepole, "mimi sijafika hapa tangu nisafiri. Wallahi. Nilikuwa delta, sijatoka hata siku moja. Nasibu shahidi yangu."

Bi Habiba aliuweka ungo chini. Aliionesha kwa kidevu ngazi ya mlangoni, ile ya chini, iliyokuwa imepigwa na jua.

"Unakaa pale. Saa sita, adhana ikimalizika. Unanipa kisogo, unatazama barabara, na nguo zako zinanuka moshi. Sikukuuliza kitu. Nilihofu ukigeuka sitakuona tena. Nilikuwa nakaa hapa nyuma yako mpaka unaondoka, kisha naingia ndani nasali."

Salima alimtazama Yassin, na Yassin alikuwa akiitazama ile ngazi.

"Leo geuka, mwanangu," Bi Habiba akasema. "Fungua hicho kitambaa."

Akafungua. Mama yake alimtazama muda mrefu, bila kurudi nyuma, bila kufumba. Akainuka kwa kujishikilia ukuta, akamwendea, akampapasa uso wote kwa viganja vyenye vumbi la mchele, upande mzima na upande uliokwenda na moto, hadi pale sikio lilipokuwa.

"Uliungua."

"Ndiyo, mama."

"Lini?"

"Mwezi wa nane, mwishoni. Ilikuwa Jumatano. Tulikuwa tunapika chakula cha mchana."

Bi Habiba alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeletewa jibu la barua yake. "Ndipo ulipoanza kuja," alisema. Halafu akamwita Salima, akamwambia apandishe sufuria, mchele ushapepetwa, huyu mtu hajala nyumbani mwaka wa pili huu.

Maneno ya miezi minane Salima aliyasema yote, kama alivyoahidi, na iliwachukua siku tano. Alilia, akafoka, akanyamaza kutwa nzima, na Yassin hakujitetea. Siku ya sita, Jumatano, mkwewe aliwaita wote wawili barazani kabla ya adhuhuri. Wakakaa kwenye jamvi wakasikiliza adhana mpaka mwisho. Ngazi ya chini ilikuwa tupu. Walisubiri muda, barabarani lori la mkaa lilipita, kuku wakavuka uani. Yassin aliinuka, akateremka, akaketi juu ya ngazi ile ameupa mgongo ulimwengu, uso wake wote wazi kwa mama yake na mkewe. Salima akashuka akakaa pembeni yake, upande wa kushoto.